Bakora Hugonga Mara Mbili

Nyinyi watoto wa michezo ya televisheni mmekuja kwangu hapa Ibra, Oman, na keki yenye jina langu, mkaniimbia, keki mkaila wenyewe mkaimaliza, halafu ndiyo mkasema, "Bibi Nasra, tuandikie khabari za kazi." Haya, naandika. Skuli nilikwenda Unguja mpaka darasa la nne, nikatolewa nimlee mdogo wangu, kwa hivyo atakayeona herufi imekaa upande aiache ilale. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachofikiria nacho. Asiyekijua ampelekee mama yake amsomee. Mama zenu wote wanakijua, wanajidai tu hawakijui.

Sitaandika nani alinipa cheti wala nilipigwa picha na mkubwa gani. Hayo yamo kwenye makaratasi ya ofisini, na panya nao lazima wapate riziki. Nitaandika kazi. Na wewe Raya, uliyeniuliza mbele ya watu wote, "Bibi, ile bakora utampa nani?", soma mpaka chini.

Nilianza miaka ya tisini, nami si msichana tena, nina watoto wanne. Nilikuwa nikiuza ubani na mafuta ya nywele kwenye soko letu la wanawake, lile la Jumatano. Siku hiyo akaingia mwanamke mmoja na daftari, anatutazama nyuso kama anayechagua mbuzi. Akasimama kwangu.

"Mama, unaweza kumimina kahawa?"

"Kwani mie nimeletwa na meli jana?"

"Mbele ya kamera, nakusudia."

"Kamera inakunywa ngapi?"

Akacheka, akaandika jina langu. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa Ramadhani katika zile nyumba za zamani za udongo hapa Ibra, na walitaka wanawake wenye nyuso zao, si za kupakwa. Nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu, Seif. Seif alikuwa dereva wa lori la maji, mtu mpole, neno lake la kwanza kwa jambo lolote lilikuwa moja: "Muulize mama."

Mama ni Bi Zayana, mama mkwe wangu. Nyumba ilikuwa yake, jiko lake, na sisi tulioishi ndani tulikuwa kama tumeazimwa. Alikaa Tabora miaka mingi kwa mumewe kabla ya kurudi Oman, na Kiswahili chake cha bara nilikuwa nikikicheka kimoyomoyo, maana kwa sauti nisingethubutu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nenda. Lakini mie nitakaa mbele ya televisheni hiyo kila siku. Siku utakayonitia haya, siku hiyo hiyo unarudi jikoni na hutoki tena." Hayo ndiyo masharti niliyofanyia kazi.

Siku ya kwanza. Wakanivua bangili zote kwa sababu zinalia, wakazima feni kwa sababu inavuma, wakatuweka wanawake kumi katika chumba kimoja mchana wa joto. Juu ya vichwa vyetu kijana kashika mti mrefu una manyoya mwishoni. Nikadhani paka aliyekufa. Kumbe ndiyo sikio lao la kunasia sauti. Wakanambia jambo moja tu: mimina kahawa, umpe bibi yule, anywe, kisha yeye atasema maneno yake.

Bibi yule alikuwa mwigizaji mwenye jina, kaletwa kutoka nchi ya Kiarabu ya mbali, si ya huku kwetu Ghuba. Sasa kwetu, anayemimina hakomi mpaka mgeni atikise finjani. Ukiitikisa, umesema basi, nimetosheka. Usipoitikisa, unaongezwa. Hilo mtoto wa miaka mitatu analijua. Bibi akanywa, akanirudishia finjani kimya. Nikamimina. Akanywa, akarudisha. Nikamimina. Yeye anadhani mchezo umeandikwa hivyo, mie nadhani ana kiu. Kila akifungua kinywa aseme maneno yake, finjani hii hapa. Akawa ananitolea macho, nami nikajisemea moyoni, wallahi huyu ndiye mwigizaji, tazama macho yale! Finjani ya tisa akapiga ukelele, "Jamani, mwanamke huyu ataniua!"

Mukhriji, yaani yule anayeuongoza mchezo, akaja mbio. Alikuwa kijana aliyesoma nje. "Mama, kwa nini huachi?"

"Hajatikisa."

"Basi ungeacha tu!"

"Niache? Mama mkwe wangu anione kwenye televisheni namnyima mgeni kahawa? Nitalala wapi?"

Mshika kamera, mtu wa Sur, akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Bibi mkubwa alipoelezwa naye akacheka, akanibusu kichwani, akaomba maji. Na mukhriji hakuwa mpumbavu. Akaigeuza sehemu ile, mgeni akawa mtu wa mbali asiyejua kutikisa, na watu wakaipenda. Kuanzia hapo kila mchezo wake niliitwa. Bi Zayana alipoiona, alisema, "Finjani mkono wa kulia, dele la kahawa kushoto, vizuri," akaendelea kumenya chungwa. Nikapumua.

Sasa mwalimu wangu. Nguo zetu za mchezo zilikuwa zikishonwa na fundi mmoja wa Kihindi mwenye duka Ibra, Manju. Ukimwita Mhindi wa Bombay alikuwa akiweka mkasi chini akurekebishe. Yeye ni mtu wa Bangalore, lugha yake Kikannada, na kabla ya kuja Oman aliigiza katika filamu za kwao miaka kumi na kitu. Si shujaa. Yule wa pembeni. Alianza kama fundi wa nguo wa kikundi cha michezo. Siku moja mtu aliyekuwa acheze bawabu hakutokea, na kanzu ya bawabu ilikuwa imeshashonwa, na Manju ndiye aliyekuwa akiijaribisha mwilini. Ikamwenea. Akawa bawabu. Baadaye akawa baba wa bibi harusi, polisi anayefika watu wameshauana, na daktari. Daktari sana! Anatoka chumbani, anavua miwani, anatikisa kichwa, ndugu wanalia. Alinambia mtaani kwao vizee walikuwa wakimwonyesha ulimi awaambie wana ugonjwa gani.

"Na wewe ukiwaambia nini?"

"Nilisema wanywe maji mengi. Hakuna aliyekufa."

Kiarabu chake kilikuwa cha dukani na changu cha nyumbani, tukielewana hivyo hivyo, na pale maneno yalipokwisha alisimama nyuma ya chereheni akanionyesha. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alisema, shujaa watu wanamtazama uso. Mimi na wewe wanatuona tunapita tu, basi tupite na kazi mikononi. Usilie, kunja nguo za maiti. Usikasirike, katakata kitunguu. Na alisema jambo la pili: mtu wa pembeni hana maneno ya kutosha kujijenga, kwa hivyo lazima amwibe mtu mzima mzima, aliye hai, na aingie naye.

Nikawa mwizi. Tulikwenda pwani ya Ashkhara kupiga picha za mchezo wa wavuvi, nikamwiba mwanamke anayeanika samaki, namna anavyojifuta jasho kwa kiwiko kwa sababu viganja vina chumvi. Nizwa nikamwiba muuza mbuzi, anayempapasa mnyama huku anatazama pengine kama hana haja naye. Nimekuwa mkunga, mfiwa, jirani wa dirishani, mama wa bibi harusi. Majina sikuwa nayo. Kwenye karatasi nimeandikwa "Jirani", "Mwanamke wa tatu". Mwanamke wa tatu nimekuwa mara nyingi hata Seif akazoea kuniita hivyo: "Mwanamke wa tatu, chai iko wapi?"

Mnaniuliza nilisomaje yale makaratasi ya Kiarabu. Sikuyasoma. Herufi nazijua za chuoni, za kusomea Kurani, lakini mbio zao sizipati. Seif alikuwa akirudi na lori lake, ananisomea kwenye redio ya kanda, maneno ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, na mie naiwasha jikoni nikichagua mchele. Narudia mpaka yaingie. Kwa hivyo mpaka leo nikikumbuka kilio cha bibi harusi nakisikia kwa sauti ya dereva mwenye mafua. Na jiko lilikuwa la Bi Zayana, na masikio ya Bi Zayana yalikuwa mazima. Likumbukeni hilo.

Miaka ya elfu mbili ikaingia. Siku moja mukhriji akanipa karatasi, kaniwekea kidole juu ya mstari: Shamsa. Jina! Sehemu kutoka mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Bi Shamsa, mama mkwe mkali anayemtesa mkamwana wake katika nyumba ya udongo kule Al Hamra. Nilirudi nyumbani nikacheza peke yangu chumbani, na umri wangu ule.

Tukaanza kujaribu, ikaharibika. Nilikunja uso, nilipaza sauti, nilitoa macho. Mukhriji akazima kila kitu. "Mama Nasra, unanifanyia jini wa hadithi. Simwogopi. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikishindikana, nitamleta mwanamke kutoka Maskati." Nikajua ikishindikana sitapewa jina tena, nitakufa mwanamke wa tatu.

Nikaenda kwa Manju. Hakuinua kichwa kwenye chereheni.

"Huna mtu," akasema. "Umeingia mikono mitupu. Humjui mama mkwe yeyote?"

"Simjui."

"Mama Nasra."

"Simjui, nimekwambia!"

"Mie nimekuwa daktari miaka kumi," akasema. "Najua mgonjwa anayenidanganya."

Nilimjua, bila shaka. Nilikuwa nakaa naye. Bi Zayana alikuwa haingii jikoni bila kwanza kugonga sakafu ya ukumbi kwa bakora yake mara mbili: ko, ko. Mkiisikia, maneno yanakufa mdomoni. Kisha anaingia taratibu, anafunua sufuria, ananusa, anachovya kidole, anaonja chumvi, hasemi neno. Kutosema kwake ndiko kulikonitoa jasho miaka ishirini. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Na mie nilimwogopa kuliko kiyama.

Nikapima. Nikimwiba, nitalipata jina. Nikimwiba, naye atakaa mbele ya televisheni kama alivyoahidi, atajiona mwenyewe amegeuzwa mwanamke mbaya mbele ya nchi nzima, na mimi nitarudi jikoni kwake na mlango utafungwa. Siku tatu sikula vizuri. Jumamosi nikachukua bakora ya kuazima, nikasimama nje ya mlango kule Al Hamra, nikagonga mara mbili. Yule msichana anayecheza mkamwana alikuwa anakata nyanya. Kisu kikasimama. Hakuambiwa asimame, alisimama mwenyewe. Nikaingia, nikafunua sufuria, nikaonja. Mukhriji hakupumua mpaka nilipotoka.

Manju alikuwa kaja na nguo. Akavua miwani, akatikisa kichwa kama daktari wake wa zamani. Nikadhani nimeua. "Mgonjwa atapona," akasema.

Ramadhani ikafika, na sehemu za mwisho za mchezo hatujazimaliza bado, ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Siku ya kwanza baada ya kufuturu tukakaa wote ukumbini. Bi Zayana kwenye kiti chake, bakora mapajani. Seif alikuwa ameshausoma mchezo kwenye kanda, lakini bakora haikuandikwa, hakujua. Nilijikalisha karibu na mlango. Ikalia kwenye televisheni: ko, ko.

Nyumba nzima ikageuka kumtazama Bi Zayana, kama vile ni yeye aliyegonga. Binti yangu mdogo akapiga makofi, "Bibi! Bibi, ni wewe!" Seif akamwaga supu yake ya shurba juu ya kanzu. Bi Zayana akasema, "Nyamazeni. Nataka kusikia."

Akasikiliza mpaka mwisho. Na wallahi midomo yake ilikuwa inacheza: alikuwa akiyasema maneno ya Shamsa sambamba na mimi, yote, maana ameyasikia jikoni miezi mitatu kwa sauti ya mwanawe. Ilipokwisha akamwambia Seif azime.

"Nasra."

"Labeka, mama."

"Njoo hapa nikuone."

Nikaenda nikakaa chini ya miguu yake. Nilikuwa nimeshaliaga jina langu.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi gani, mama?"

"Mie huonja kwa kidole cha mwisho. Yule wako kaonja kwa kidole cha shahada, kama mtoto anayeiba asali. Miaka ishirini unakula na mie, hujaona?"

Seif akacheka peke yake, akaacha.

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza. Kwa nini anagonga bakora?"

Nikamwambia kweli. "Ili waogope."

Akainama kunikaribia. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha Tabora, polepole, "Mwanangu, mie niligonga ili mpate kumaliza kunisema. Nilikuwa mkamwana na mie. Mama mkwe wangu Tabora alikuwa anaingia kimya, pekupeku, anatukuta na maneno yake mdomoni, tunapata tabu pande zote mbili, yeye na sie. Nikaapa nikizeeka nitagonga. Nagonga, nasubiri, mnanyamaza, naingia. Sijawahi kusikia ubaya wangu katika nyumba hii. Wewe ulidhani natisha?"

Nilidhani anatisha. Miaka ishirini nilidhani anatisha, nikanyamaza, na yeye akinikuta nimenyamaza akadhani sina la kumwambia, akanyamaza naye. Nilicheka huku machozi yananitoka, na yeye akacheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka. Halafu akanitupia bakora mapajani. "Chukua hii. Ile ya kwenye televisheni ni ya mchunga ngamia. Na yule Shamsa wako mwambie asubiri kidogo nje ya mlango. Haraka yote hiyo ya nini?"

Nikaipeleka bakora Al Hamra na maneno yake. Mukhriji akasikiliza, akachana ukurasa. Sehemu ya mwisho mliiona wenyewe mlipokuwa watoto: Shamsa anagonga mara mbili, anasubiri nje, kamera iko naye yeye badala ya kuwa ndani, mnamwona uso anavyongoja wanyamaze. Hakuna neno. Na nilionja kwa kidole cha mwisho.

Kabla ya sehemu ile kutoka, nilikwenda soko la Sinaw na Seif kununua mbuzi wa Idi, na bibi mmoja wa Kibedui akanipokonya kamba mkononi. "Wewe sikuuzii! Kampe kwanza yule mkamwana wako futari yake!" Seif akajaribu kumweleza ni mchezo. "Mchezo gani? Nimemwona kwa macho yangu!" Tukarudi bila mbuzi. Baada ya Idi tukapita tena, bibi yule yule keshaiona sehemu ya mwisho, akanishika mkono, akanikalisha, akanimiminia kahawa. Nilikunywa sita kabla ya kutikisa, kwa raha tu.

Bi Zayana aliishi baada ya hapo miaka kadhaa, na jikoni kwetu hapakuwa kimya tena. Alisikiliza kila kanda na akanirekebisha kila mtu niliyemwiba, hata wale asiowajua. Manju alirudi kwao kwa wajukuu. Nasikia amecheza tena, safari hii mgonjwa. Bakora nimeachiwa mie.

Na nyinyi siku ya keki mlipoondoka, Raya ulibaki jikoni kumsaidia mkamwana wangu kuosha sahani. Nilikuwa nakuja. Nilimsikia anakwambia kwamba mie hufungua friji kuhesabu mayai. Ni kweli. Nikagonga mara mbili. Mkanyamaza, kisha mkaangua kicheko, na mkamwana akasema, "Karibu, mama." Nikaingia, na wewe Raya hukunitazama uso. Ulikuwa unautazama mkono wangu ulivyoishika bakora.

"Unaniiba?" nikakuuliza.

"Nakuiba, bibi. Rudia tena."

Basi jibu lako hili: bakora sikupi, natembea nayo. Mengine yangu yote iba, ubebe. Siku ile uliposema nirudie, nilitoka, nikaufunga mlango, nikasimama ukumbini mpaka nikasikia mmeanza tena kunisema kwa raha zenu, ndipo nikagonga.